Fundi Bomba Aliyeagwa Mara Tatu

Mara ya tatu walipomuaga, keki ilikuwa ndogo. Mpishi wa mikate aliiweka kwenye meza ya mesi ya wafanyakazi bila maandishi yoyote juu yake. "Krimu ya kuandikia nimeitunza," alieleza. "Huyu tutamwandikia akishafika kwao na kukaa." Watu walicheka, wakala, wakarudi zamu. Mara ya kwanza nahodha mwenyewe alishuka kumpa mkono. Mara ya pili alituma salamu. Safari hii alikuwa na shughuli.

Wiki hiyohiyo kuagwa kwake kulifutwa, kama kulivyofutwa mara mbili za awali, na tangu hapo hakuna anayemwita kwa jina lake. Anaitwa Kwaheri. "Kwaheri, choo cha sitaha ya tano kimeziba." "Kwaheri, wageni wa korido ya mbele wanalalamika maji ya moto." Anaitika, kwa sababu mtu akiitwa jina kwa ajili ya kazi hana budi kuitika, lakini huitika kwa mguno.

Yeye ni fundi bomba wa meli ya watalii ambayo ina umri mkubwa kuliko wengi wa wahudumu wanaotandika vitanda vyake. Mabaharia huiita Bibi. Meli mpya inayotakiwa kushika nafasi yake, ambayo kwa miaka sasa inaundwa katika kiwanda cha mbali, wameipa jina la Bi Harusi. Kampuni ilitangaza kwamba Bi Harusi akiwasili, Bibi atapelekwa kukatwakatwa auzwe kama chuma chakavu. Bi Harusi hakuwasili. Kwanza kiwanda kilizidiwa na meli za kampuni nyingine. Kisha injini zake, za mafuta ya aina mpya, zilikataa kupita majaribio. Kisha, kwa maelezo ambayo hakuna aliyeyaelewa, kukawa na tatizo la mazulia. "Bado yuko mbele ya kioo," mabaharia husema kila tangazo jipya linapobandikwa.

Kwa abiria, kuchelewa huko ni habari ya kusoma kwenye kiti cha jua. Kwa Kwaheri ni suala la binti yake. Kampuni imefungua chuo kidogo cha mafundi wa melini katika mji anakoishi, mwendo wa miguu kutoka kwake, na ilimwahidi kazi ya kufundisha hapo siku Bibi atakapostaafu. Wanawe wawili wakubwa walikua yeye akiwa majini. Yule wa kwanza, alipomaliza shule, alikwenda kumpokea uwanja wa ndege, akampa mkono na kumuuliza kama safari ilikuwa njema, kama karani aliyetumwa kumpokea mgeni wa ofisi. Kwaheri hajasahau mkono ule. Sasa amebaki kitinda mimba, msichana, aliyeingia mwaka wa mwisho wa sekondari. Mwaka ukiisha ataondoka kwenda chuo, na waliowahi kuondoka nyumba ile hurudi kwa likizo tu. Baba alimwahidi kwamba mwaka huo atakuwa nyumbani.

Mwaka ulikuwa umeshaanza kuliwa wakati afisa wa makao makuu alipopanda melini kuzungumza na wafanyakazi. Walikusanyika katika ukumbi wa maonyesho, kwenye viti vya mahameli ambavyo kwa kawaida hawaruhusiwi kuvikalia. Afisa alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, na alizijua hesabu zake. Alisema meli mpya hujengwa kwa mkopo, na mkopo hulipwa hata vyumba vikiwa vitupu. Bibi ameshajilipa zamani. Anachoingiza ni chake. Isitoshe, meli mpya ni kubwa kiasi kwamba bandari ndogo haziwezi kuipokea, na kuna wageni wanaopenda hizohizo bandari ndogo. Kwa hiyo Bibi ataongezewa muda.

"Muda gani?" aliuliza mhudumu mmoja wa vyumba.

"Hadi tutakapotangaza vinginevyo."

"Jungu kuu halikosi ukoko," mpishi wa mikate alinong'ona nyuma. "Ila anayekwangua ni sisi."

Kwaheri hakucheka. Alikuwa anafikiria atakavyoanza kulisema hilo kwenye simu.

Hakupata nafasi ya kuanza. Mkewe, fundi cherehani ambaye chumba chake cha kushonea kiko barazani, alipokea simu, akasikiliza pumzi mbili na kusema, "Wameongeza."

"Wameongeza, mama watoto."

"Sawa. Mwenyewe huyu hapa, umwambie. Mimi sina mdomo wa kumwambia tena."

Binti alishika simu. Baba alieleza habari za mkopo na bandari ndogo, akajisikia anaongea kama yule afisa. Upande wa pili mashine ya cherehani iliendelea kunguruma.

"Baba," binti alisema alipomaliza, "sijakasirika. Ila naomba usiniahidi tena. Ukija umekuja."

Kwaheri alikaa na simu iliyokatika mkononi. Angetukanwa ingekuwa nafuu.

Alikwenda moja kwa moja kwa mhandisi mkuu, ambaye melini wote humwita Chifu: mwanamume mdogo kwake kwa umri, mwenye ofisi isiyo na dirisha na feni inayolalamika.

"Chifu, kinyozi alipewa ruhusa akaondoka. Mpiga piano aliondoka. Mimi kila nikifunga sanduku naambiwa nifungue. Nimewakosea nini?"

"Kaa, mzee wangu."

"Nimekaa miaka yote hii. Nijibu."

Chifu alitandaza mchoro wa mabomba mezani, akaushikilia kwa kikombe na stepla. "Nionyeshe maji ya sitaha ya nne yanakopita."

Kwaheri aliangalia. "Hapa hayapiti tena."

"Hilo nalijua. Yanapita wapi?"

Fundi aligusa kipaji cha uso kwa kidole na kutabasamu, kama alivyozoea kufanya kila alipoulizwa swali hilo. Chifu hakutabasamu.

"Ndiyo hivyo," alisema. "Wakaguzi wamekubali kuiongezea meli muda kwa sharti moja: awepo mtu anayejua maji yanapita wapi. Mtu huyo ni wewe. Makao makuu hawakukatalii kwenda nyumbani. Wanachokataa ni kichwa chako kushuka, meli ikabaki."

Haikuwa bahati mbaya. Zamani, kampuni ilipokuwa inapunguza watu kila msimu, Kwaheri aligundua kwamba asiyeguswa ni yule ambaye hakuna awezaye kushika nafasi yake. Bomba likioza, badala ya kulibadilisha palepale, alilipitisha njia nyingine: nyuma ya jokofu, juu ya dari ya maktaba, ndani ya kabati la maboya. Kazi ilikuwa safi na haikuvuja. Ila hakuichora, wala hakumwonyesha mtu. Waliopunguzwa walipunguzwa, yeye akabaki. Alipoagwa mara ya kwanza na kupanda ndege, mafundi waliobaki walifunga vali kwa kufuata mchoro ili wazibe tundu kwenye korido. Jiko kuu likakauka saa za chakula cha mchana, na bwawa la kuogelea likaanza kutoa mvuke. Wageni wawili walipiga picha. Kwaheri alipigiwa simu hata hajafika kwake, akaambiwa arudi kwa ndege ifuatayo. Alilalamika kwa kila mtu. Lakini mkewe, aliyekuwa akimsubiri uwanjani, anasema kuwa alilalamika huku akijinyoosha kola.

"Mchimba kisima huingia mwenyewe," Chifu alisema, na kuukunja mchoro.

"Kwa hiyo?"

"Toka ulivyoingia. Yaonyeshe mabomba yako, yote, kwa mtu mwingine. Akiweza kufunga maji ya korido yoyote bila kukuuliza, nitakusainia siku hiyohiyo."

Aliyepewa kazi ya kuonyeshwa ni fundi wa zamu ya pili, mwanamke mwenye mabega mapana na ulimi mkali anayeitwa Spana. Kwa wiki kadhaa walitembea Bibi kutoka pua hadi mkia, wakiwa na makopo ya rangi: buluu kwa maji ya kunywa, nyekundu kwa ya moto, kijivu kwa maji machafu, na mshale wa kuonyesha yanakoelekea. Walifungua dari juu ya vichwa vya wageni waliokuwa wakinywa chai. Walitambaa nyuma ya mashine za kufulia. Spana hakuficha alichokuwa anafikiri.

"Hili bomba limekuja kutafuta nini maktaba? Linasoma?"

"Njia fupi."

"Njia fupi ya kwenda wapi, Kwaheri? Jiko liko kule."

"We paka rangi."

"Napaka. Ila mke wako akija melini nitampa pole kwanza, salamu baadaye."

Kadiri mishale ilivyoongezeka ndivyo Kwaheri alivyozidi kuwa mkali. Aligombana na mhudumu aliyeegemea rangi mbichi. Aligombana na rangi. Mambo ambayo kwa miaka yalikuwa kichwani mwake tu sasa yalikuwa yanaonekana na mtu yeyote mwenye ngazi na tochi, na yakionekana hivyo hayakuwa makubwa kama alivyodhani. Mengine yalikuwa ya kuchekesha. Spana alicheka.

Walipofika nyuma ya jukwaa la ukumbi wa maonyesho, Kwaheri alipaka mshale mmoja na kuanza kukusanya makopo.

"Tumemaliza," alisema.

Spana hakuinuka. Alikuwa amelala chali, tochi mdomoni, akiangalia juu. Aliitoa. "Na lile pale nyuma ya pazia?"

"Lipi?"

"Kwaheri."

"Lile halina maana. Ni la zamani."

Spana aliweka kiganja juu ya bomba. "La zamani lenye joto." Aliketi na kujifuta vumbi usoni. Lilikuwa ndilo bomba linalopeleka maji ya moto nusu nzima ya mbele ya meli, na lilipitia ukumbini kwa sababu siku moja msimu ulikuwa mbaya na fundi mmoja aliogopa kupunguzwa. Nani angelikuta hapo? Bila hilo, mishale mingine yote ilikuwa na kasoro ambayo mtu mmoja tu angeweza kuirekebisha: yeye.

"Nikuulize kitu kimoja kisha nitafunga mdomo," Spana alisema. "Unataka kwenda nyumbani, au unataka kuwa nyumbani upigiwe simu?"

Kwaheri alisimama ameshika brashi. Jukwaani mbele yao waimbaji walikuwa wanafanya mazoezi, wakirudia mstari uleule kwa sababu mmoja wao alikosea kila mara. Alisubiri hadi walipoupatia. Kisha alipiga magoti, akachovya brashi katika rangi nyekundu, na kupaka mshale mkubwa kuliko yote, mkubwa kupita kiasi, wa mtu mwenye hasira.

Spana alifunga maji ya korido tatu mbele ya Chifu bila kumtazama mtu. Chifu alisaini siku hiyohiyo.

Makao makuu yalijibu upesi isivyo kawaida. Yule afisa mpole alipiga simu mwenyewe kumshukuru: sasa kwa kuwa mabomba yanajulikana, wakaguzi walikuwa tayari kumpa Bibi muda mrefu zaidi. Hiyo ilikuwa habari njema kwa kampuni. Kuhusu kazi ya kufundisha chuoni, masharti yalikuwa bayana: hufunguliwa meli itakapostaafu. Meli haistaafu. Angeweza kubaki melini akisubiri, na wangefurahi abaki.

"Kwa hiyo nimeifufua meli na kuizika kazi yangu," Kwaheri alisema.

"Sisi tusingeiweka hivyo," afisa alijibu.

"Ninyi hamkuiweka. Nimeiweka mimi."

Alishuka bandari iliyofuata. Hakukuwa na keki. Mpishi wa mikate alimpa mkate wa kawaida uliofungwa kwenye karatasi. Akamwambia: "Ukirudi safari hii, mimi naacha kazi."

Nyumbani alifika mwaka wa shule ukiwa umeliwa zaidi ya nusu. Binti alifungua mlango, akamwangalia, akaangalia na sanduku.

"Shikamoo, Baba. Umekuja kwa muda gani?"

"Marahaba. Nimekuja."

Binti alilipokea sanduku, akalifungua palepale sebuleni, akatoa nguo zote hadi soksi ya mwisho na kuzipeleka kabatini. Jioni mama yake alilijaza vipande vya vitambaa na kulisukuma chini ya meza ya cherehani, miguu yake ikalikanyaga kila aliposhona.

Si nyumba iliyotulia. Kwaheri huamka kabla ya jogoo na kutangaza hali ya hewa. Hukagua mifereji ambayo haina shida. Mkewe, aliyezoea kupanga siku yake bila kuulizwa, amemwomba mara kadhaa akatafute watu wenye vyoo vibovu mtaani, naye ameanza kuwapata, ingawa anasema mabomba ya mtaani hayana akili. Kubwa zaidi ni simu. Aliiweka mezani, akaihamishia dirishani, akamuuliza mkewe kama mtandao umekatika.

"Haujakatika," mkewe alisema. "Nimeongea na mteja sasa hivi."

"Spana hajapiga hata mara moja. Korido ya mbele lazima ilisumbua wiki hii, naijua."

"Baba," binti alisema bila kuinua macho kwenye daftari, "hawapigi kwa sababu umewaonyesha."

"Najua kwa nini hawapigi."

"Basi mbona umenuna?"

Binti alimsukumia kitabu cha kemia mezani, akakifungua kwenye ukurasa uliojaa mistari ya kalamu. "Keshokutwa nina mtihani. Niulize kuanzia hapa. Nikikosea usiniambie jibu, niambie tu nimekosea."

Kwaheri alikishika kitabu mbali na uso, kisha karibu, kisha mbali tena. Alisoma swali la kwanza, akakwama kwenye neno la pili. Binti alimtamkia. Kwaheri alilirudia vibaya. Binti alimtamkia tena, polepole, na macho yakiwa bado hayajainuka kwenye daftari, akasogeza kiti chake kidogo ili baba apate mwanga.