Majimbo Mawili, Ritani Moja

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ofisi ya wakala wa kodi pale St Marys, huku Australia, sikupewa hata kalamu. Meneja wa tawi, mama wa Kigiriki mwenye sauti ya kuamrisha, alinikalisha kando ya meza yake nisikilize tu. Nilikuwa nimetoka chuo Kensington, kichwa kimejaa vifungu vya sheria, nikaona nadharauliwa. Mchana akaniambia, "Mteja haleti kodi hapa, analeta hofu. Itafute hiyo kwanza." Nilinuna. Leo namshukuru kuliko walimu wangu wote.

Baadaye nilihamishiwa tawi la Ingleburn, jirani na maghala. Waafrika wenzangu walikuja familia nzima, na hakuna aliyegusa habari za kodi kabla salamu hazijakwisha. Mhasibu mkuu wetu, Mwaustralia, mwanzoni alitazama saa. Mwishowe yeye mwenyewe akawa anawaulizia wakwe zao.

Hapo ndipo alipokuja Baba Neema, dereva wa mitambo kutoka Bukavu, na mkewe na binti yao aliyekuwa mwaka wa mwisho wa shule. Alikuwa amepata kazi mgodini Queensland: zamu ndefu kule, kisha ndege ya kurudi nyumbani kupumzika. Ilikuwa habari njema, lakini nyuso zao zilikuwa za matanga.

"Mama, tunahamia kulekule Queensland," akasema. "Cousin yangu wa Amerika ametuma voice. Ukiishi state moja na kufanya kazi ingine, tax inakukamata mara mbili."

"Na notisi ya nyumba tulishatoa," mkewe akaongeza.

Neema, aliyejibu kila kitu kwa Kiingereza, alisema haachi shule yake, akageukia ukuta.

Ah, hawa wataalamu wetu wa ng'ambo! Hata hivyo binamu hakudanganya. Kule Amerika majimbo mengi yana kodi yake ya mapato, na mtu wa namna hiyo mara nyingi hujaza ritani, yaani taarifa ya mapato yake, katika majimbo yote mawili, ingawa jimbo la nyumbani kwa kawaida humpunguzia alicholipa kule. Kosa letu ni kumwuliza ndugu aliye mbali tukampita jirani. Kuuliza si ujinga, ila angalia unamwuliza nani.

"Baba Neema," nikamwambia, "hapa kodi ya mapato ni ya serikali kuu. Ulale Ingleburn, ufanye kazi Queensland, ritani ni moja."

"Na payroll tax?"

"Hiyo kodi ya mishahara ni ya jimbo, lakini analipa mwajiri. Wewe haikuhusu."

Mkewe hakungoja. Alimpigia wakala wa nyumba palepale. Wakala akaenda kumwuliza mwenye nyumba, kisha simu ikalia tena: amekubali wabaki. Mama yule alilia waziwazi, nami nikalia naye, kodi ikasubiri.

Sasa nimestaafu. Ritani nilizojaza hakuna anayezikumbuka, hata mimi. Lakini Neema alimalizia shule yake palepale, na Jumapili nikipita mtaa ule, baba yake, akiwa amerudi kutoka mgodini, huniita kutoka mlangoni: "Mama, ingia, chakula tayari." Nashukuru Mungu kwa kazi iliyonipa mlango huo.