Santuri Mbili Dukani kwa Wachira

Mwaka wa tisini na sita, kaburi la mkewe Phelis likiwa halijaota nyasi sawasawa, Mzee Kipkosgei alishuka sokoni Kapsoit na santuri ndani ya koti. Ilikuwa ya muziki wa roki. Phelis aliachiwa na meneja Mzungu wa shamba la chai alikokuwa mpishi. Sasa ilikwaruza na kuruka, na mzee aliogopa kwamba siku moja itanyamaza kabisa, nyumba ibaki kimya.

Wachira, muuza kanda na santuri, alikuwa na mpya: bendi ile ile, nyimbo zile zile, sauti imesafishwa Ulaya.

"Tubadilishane, mzee. Kuna mtu Nairobi anatafuta hiyo ya zamani, hata kama imezeeka."

"Kama mimi."

"Wewe hakuna anayekutafuta!"

Mzee akacheka puani. "Weka nisikie."

Sindano ikashuka. Besi iligonga mpaka kifuani. Gita lilikaa upande wake, ngoma upande wake, hata pumzi ya mwimbaji ilisikika kabla hajafungua mdomo.

"Unaonaje?"

"Safi. Kama maziwa ya pakiti."

Wachira alidhani amesifiwa.

Wimbo wa tatu ulipoingia, mzee aliinua kidole, akangoja.

"Rudisha."

Wachira akarudisha.

"Tena."

"Kwani unatafuta nini?"

"Amepita bila kusalimu."

"Nani?"

"Huyu anayeimba."

Wachira, bila kuelewa, akaweka ile ya zamani. Pale pale, katikati ya mikwaruzo, mwimbaji akatamka: *Chamgei*. Salamu ya Kikipsigis kabisa. Miaka yote Phelis alimjibu kutoka jikoni, mwiko mkononi: "*Mising!*" Wageni wakicheka, aliwauliza kama kwao mtu akisalimu huachwa hivyo hivyo.

Wachira akageuza jalada jipya, akasoma maneno ya wimbo. "Mzee, hiki ni Kiingereza tu. Hapa anasema..."

"Usiniambie."

Santuri ikaruka. Wachira akainua sindano.

"Hii haimalizi mwaka, mzee. Nakuambia ukweli."

"Najua. Hiyo yako ni nzuri, hata kiziwi atasikia. Itafutie mtu mwingine."

Akaifuta santuri yake kwa mkono wa koti, akaifunga. Wachira alimtazama, kisha akapekua droo, akatoa sindano ndogo ndani ya karatasi.

"Chukua hii. Ni nyepesi, haitaichimba sana."

Mzee aliipokea kwa mikono miwili.