Salamu Kando ya Kimondo

Juzi treni ya watalii, ile wanayolala ndani siku nyingi, ilisimama tena Vwawa, na basi likawaleta kutazama kimondo chetu, jiwe kubwa lililoanguka kutoka angani. Harufu ya mafuta yao ya kujikinga na jua ilinikumbusha mchana mmoja wa utotoni.

Mchana ule harufu hiyo hiyo ilifunika hata ya kahawa iliyomenywa, iliyokuwa ikichachuka kwenye pipa la bibi kabla ya kuoshwa. Nilichuchumaa kando ya njia nikapiga makofi taratibu, kama mtoto wa Kinyiha anavyosalimia wakubwa, na mtoto hainuki mpaka aitikiwe. Watalii wa siku ile walicheka, wakapiga makofi pia, wakanipiga picha. Nikadhani kwao ndivyo wanavyoitikia. Nikarudia, nikarudia tena, magoti yakauma.

Bibi alitoka shambani na jembe lake.

“Inuka,” alisema. “Hawajakuitikia hawa. Wanakutazama tu, kama wanavyolitazama lile jiwe.”

Juzi binti yangu alipoanza kuchuchumaa mbele yao, nilimshika mkono. Kijana anayewaongoza akanisihi, “Mama, mwache kidogo, wageni wanapenda.”

“Basi wachuchumae wao,” nilimjibu. “Sisi tutaitikia.”