Dakika Mbili za Mama Mbele ya Wabunge

Mpaka leo nikiikumbuka asubuhi ile kule Saint Paul, makao makuu ya jimbo letu huku ughaibuni, damu inanichemka. Wabunge wa jimbo walikuwa wanasikiliza maoni ya wananchi juu ya mswada wa kuunganisha mahakama ndogo ya kwetu na ile kubwa ya mjini. Wakili wetu alishatueleza kwamba uwezo huo wanao: kuanzisha mahakama, kuziunganisha, hata kuzifuta. Haya. Mwenye nguvu mpishe.

Lakini katika mahakama ile ndogo mama yangu alikuwa anaomba ulezi wa mjukuu wake wa miaka saba, binti wa marehemu dada yangu. Mtoto alikuwa amewekwa na watu wa ustawi wa jamii kwa familia asiyoijua, na hakimu aliyeisikiliza kesi tangu mwanzo alibakiza kikao kimoja tu atoe uamuzi. Mswada ukipita, jalada lingekwenda kwa hakimu mwingine, tuanze upya.

Kila mtu alipewa dakika mbili. Dakika mbili! Hata maji ya chai hayajachemka. Mama akasimama na kitambaa chake cha kanisani kichwani, mimi kando yake kumtafsiria.

“Mheshimiwa mwenyekiti, waheshimiwa nyote, hamjambo? Poleni na kazi. Akina mama wa kanisa letu kule New Hope wanawasalimu sana. Tunamshukuru Mungu ametufikisha salama, maana barabara ni barafu tupu.”

Nikatafsiri kila neno. Ningeziruka vipi salamu za mama yangu mzazi? Kwetu, anayeingia na shida yake kabla ya salamu hana adabu. Taa ya saa ikawa nyekundu: dakika zimekwisha. Mama akavuta pumzi: “Sasa, kilichonileta ni mjukuu wangu…”

Mwenyekiti akamshukuru kwa kufika, akamwita mwingine.

Nilitaka kupiga meza. Watu wanaoweza kuihamisha mahakama nzima walishindwa kumwongezea mama mzima nusu dakika! Nilijikasirikia na mimi, na adabu yangu ile. Mswada ulipita baadaye, na jalada letu likahama.

Ila kinachoniuma zaidi ni simu tuliyompigia mjukuu jioni ile. Mtoto anaelewa Kiswahili chote, hujibu kwa Kiingereza. Alitaka kujua kama nyanya yake amewaambia wabunge habari zake.



“Bado, mjukuu wangu,” Mama akamjibu. “Tulikuwa tunasalimiana.”