Faini ya Penseli

Mkadiriaji wa kodi huandika kodi kwa wino na faini kwa penseli. Mama mshonaji aliyekaa mbele yake alikwisha kuligundua hilo, na macho yake hayakubanduka kwenye ile penseli. Kila akitaka kugeuza ukurasa, mkadiriaji hulowesha kidole kwenye sifongo, hata ikibaki karatasi moja tu. Faili hili lilifungwa mwaka jana. Mshonaji ndiye aliyesababisha likadiriwe upya, kwa kuleta mwenyewe stakabadhi ya sare za shule alizouza na kusahau kuzilipia kodi, aliyoikuta kwenye droo ya cherehani.

“Nani alikutuma uilete?”

“Hakuna mtu, mwanangu. Niliiona, usingizi ukanipaa.”

Mkadiriaji akakohoa kidogo. Sheria ilimwachia yeye kupanga faini, kuanzia sifuri hadi mara mbili ya kodi. Akaandika sifuri. Moyo wa mshonaji ukatua. Kisha mkadiriaji akautupia jicho mlango wa mkubwa wake, akachukua kifutio, akafuta, akapuliza vumbi lake taratibu kama anayempozea mtoto chai.

“Mama, mimi nakuamini,” alinong’ona. “Lakini nikiacha sifuri, wataniuliza umenipa nini.”

Akaandika nusu ya kodi, na safari hii kwa wino.