Chachu Niliyokwenda Nayo Ukweni

Nakumbuka asubuhi moja ya Ramadhani, mwanangu, katika miaka ile ya vita vya pili vya dunia, mama mkwe wangu alipotoka chumbani kwangu amebeba kijungu kwa mikono miwili, amekiweka mbali na kifua kama abebaye nyoka. Nilikuwa uani natwanga mchele. Akakitua mbele yangu, akafunua kitambaa. Povu lilikuwa limepanda hadi mdomoni.

"Asha," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, "waweka tembo la mnazi chini ya kitanda cha mwanangu?"

Mchi ulibaki juu mikononi mwangu.

Ngoja kwanza nikueleze kijungu kile, maana asiyejua kilichokuwamo hataona kwa nini nyumba nzima ilishituka. Kwetu Chokocho, katika ukoo wa bibi yangu, Bi Mkasi, msichana akiolewa hupewa chachu ya kwenda kuanzia jiko lake. Ni uji mzito wa unga wa mchele na maji ya dafu, uliokwisha kuchachuka. Ukitaka kupika mkate wa kumimina, huimwagi yote katika mchele uliosagwa. Unachota kijiko tu, unakilisha unga kidogo na dafu katika bakuli, unangoja. Ikitoa povu, umejua iko hai. Unaiongezea tena, na ikishapata nguvu ndipo unapoitia katika mkate wenyewe. Ile inayobaki kijunguni nayo huilisha ili isife. Mimi niliiweka mvunguni kwa sababu pale palikuwa na joto na kuku hawafiki. Ukubwani, nilipojifunza kusoma peke yangu, nilikuja kufahamu kuwa ndani ya povu lile mna viumbe hai visivyoonekana kwa jicho, na kwamba vinavyouumua mkate ndivyo hivyo hivyo vinavyolichachua tembo likawa ulevi. Siku ile sikuyajua hayo. Usilolijua ni usiku wa kiza.

Wakati ule hamira ya dukani ilikuwa imeadimika, na mikate yote ya futari nyumbani kwa wakwe zangu, Ole, ilitokana na kijungu kile. Baba mkwe wangu, Mzee Hamad, ndiye aliyekuwa akisalisha msikitini petu, na kila magharibi alikwenda na sahani ya mkate wangu kuwafuturisha watu. Walikuwa wakimtania: "Mzee, mkaza mwanao huyu asirudi kwao hata kwa matembezi, tutakufa njaa." Basi fikiri, mwanangu, neno tembo liliposhuka juu ya sahani ile.

Niliapa. Nilisema wallahi si tembo, wallahi ni unga na dafu. Mzee Hamad alikuwa ameketi barazani na tasbihi yake, akaniita.

"Wajua chachu hii ilianzaje?"

"Nilipewa na bibi yangu, baba."

"Sikukuuliza nani kakupa. Nakuuliza ilianzaje."

Nikatazama chini.

"Basi waapia nini, mwanangu? Jina la Mungu si kitambaa cha kufunikia chungu."

Mama mkwe akasema wazi, mbele ya mume wangu, kwamba bibi yangu aitwe, na ikithibiti ni tembo, nitaondoka naye siku hiyo hiyo. Mume wangu, Kombo, alipanda baiskeli akaenda Chokocho kumwita.

Bi Mkasi alifika kesho yake alasiri, juu ya lori la karafuu, amefunga saumu na amejaa vumbi. Alipokaribishwa mkekani alifungua furushi lake. "Nimeitwa kwa haraka," akasema, "nikajua tu mjukuu wangu ana mimba. Nimekuja na kanga za mtoto." Hakuna aliyecheka. Akazikunja tena, polepole.

Mzee Hamad akamuuliza kwa adabu lile swali lake. Nami, mwanangu, nilikuwa nimekwisha mtazama mama mkwe kwa jeuri ya mtu aliyekwisha kushinda, kwani sikuwa na shaka na jibu.

"Asili yake ni tembo, Mzee," akasema bibi yangu.

Nikakaa chini pale pale nilipokuwa. Mume wangu alishika kichwa. Hata mama mkwe, aliyekuwa akilitafuta jibu hilo tangu jana, alijiziba mdomo kwa kanga kana kwamba yeye ndiye aliyelitamka.

"Mama yangu alipoianza," bibi akaendelea, "kwetu hamira haijajulikana. Alichota kata ya tembo la mnazi, akatia katika unga. Tangu siku hiyo haikutiwa ila unga na dafu. Mimi sijatia kitu, na huyu hajatia. Lakini umeniuliza asili, na asili ni hiyo."

"Mbona hukuniambia, bibi?" nikalia.

"Niliona aibu. Nikasema, imeshalishwa dafu miaka na miaka, nani atauliza?"

Mama mkwe akasogea karibu yake. "Na leo, mkwe, ungesema ni dafu tu, nani angejua?"

"Mimi. Na huyu angeendelea kuapa kwa uwongo wangu. Kweli iliyo uchungu si uwongo ulio mtamu."

Kisha akainuka, akakichukua kijungu, akaenda nacho migombani nyuma ya nyumba. Alikimwaga chote, chachu ya mama yake. Hakuambiwa na mtu. Aliporudi alikuwa na macho mekundu, akaanza kuniamuru nikusanye nguo zangu turudi Chokocho.

Mama mkwe alikuwa ameshakitwaa kile kijungu mkononi mwake. Alichuchumaa uani akakisugua kwa mchanga na majivu, akakisuuza kwa maji ya moto, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Halafu akasema, bila kunitazama, "Asha, lete dafu. Na wewe mkwe, huondoki leo. Utatuonyesha namna ya kuianza upya."

Magharibi ile Mzee Hamad alikwenda msikitini na tende na muhogo wa kuchemsha, akawaeleza watu yote, hakupunguza neno. Aliwaambia kuwa aliyekula pasi na kujua hana lawama, ila yeye asingeweza kujua akanyamaza. Kombo alinisimulia kuwa mzee mmoja alisema, "Ndiyo maana tarawehe za mwaka huu nilikuwa sichoki."

Chachu mpya ya kwanza ilioza. Ya pili ilitoa povu. Mkate wa Idi ulikuwa mzito kama tofali, na watu waliula.

Basi, mwanangu, shika haya. Ukipewa kitu na mkubwa wako, kipokee kwa mikono miwili, lakini umuulize kilikoanzia. Kuuliza si utovu wa adabu, na asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Nawe ukimpa mtu kitu, mweleze chote, kwa kuwa aibu unayoificha wewe ataibeba yeye siku asiyoijua, mbele ya watu asioweza kuwajibu. Usiapie usilolishuhudia. Na ukilazimika kuchagua kati ya urithi na mtu, mwaga urithi.

Mwenyezi Mungu akujaalie riziki ambayo ukiulizwa imetoka wapi, utajibu bila kutazama chini. Amin.