Mwantum na Nyumba Sitini na Moja za Gatumba

Baba yetu, mzee Shakuru, alitengeneza magari katika mtaa wetu wa Bwiza, Bujumbura, kwa miaka thelathini na saba, na alipozeeka mimi, Khaled, nikarithi gereji yake. Mdogo wangu Mwantum hakurithi hata spana moja. Yeye alichukua swali.

Alikuwa bado msichana wa shule alipoona jinsi madereva wanavyokuja kwetu, baba anawaonyesha breki zilizokwisha, wanatikisa kichwa, kisha wanawasha gari na kwenda zao.

“Baba, huyu anajua kabisa atagonga. Kwa nini hatengenezi?”

“Muulize yeye,” baba akajibu kutoka chini ya gari, akidhani amemnyamazisha.

Mwantum alichukua daftari lake la hesabu akawauliza madereva ishirini na sita. Mmoja alisema Mungu analinda. Mwingine alisema akiliacha gari siku mbili, abiria wake watamzoea dereva mwingine. Wa tatu alikiri kwamba shemeji yake alimwambia zamani kuwa breki zimechoka, na yeye hataki kumpa shemeji ushindi. Tulicheka sana. Yeye hakucheka. Aliandika.

Swali hilo ndilo lililokuja kuwa kazi yake. Kazi yenyewe ina jina refu, uchumi wa tabia, lakini nyumbani tunaielewa kama alivyotueleza mwenyewe: ni elimu ya kutafuta kwa nini mtu anajua linalomfaa na bado halifanyi. Alisoma chuo kikuu hapa Bujumbura, akapata ufadhili wa kwenda Ubelgiji, akarudi na shahada ya udaktari. Wenzake wanne walibaki kule. Yeye alirudi na masanduku mawili, moja la vitabu, akaanza kazi katika kituo cha utafiti kilichokuwa mtaa wa Mutanga Nord, chini ya Profesa Sylvère. Huyo ndiye aliyemfundisha tangu mwaka wa kwanza na kumwandikia barua za kwenda Ulaya. Siku ya kumuaga alikaa meza moja na baba, wakala wali kwenye sinia moja. Tulimhesabu kama ndugu.

Kisha maji yakaja. Mwaka 2020 mto Rusizi uliingia Gatumba, karibu na mpaka wa Kongo, na mwaka uliofuata Ziwa Tanganyika nalo likapanda. Tahadhari zilitolewa, vipaza sauti vilipita njia hadi njia, lakini watu wengi walibaki ndani mpaka maji yakafika kitandani. Wakubwa walisema watu wale hawaelewi. Mwantum hakuamini. Mtu anayevuka mpaka kila siku na mzigo kichwani, akijua bei ya unga wa pande zote mbili, atakosaje kuelewa maji?

Profesa Sylvère alitoa wazo. Kila mwenye nyumba asimame mbele ya majirani aahidi: tahadhari ikitoka, nitaondoka siku hiyo hiyo. Wakagawa njia. Nusu ya njia watu waliahidi, nusu hawakuahidi. Maji yalipopanda tena, vijana wa kituo walipita na fomu zao, na majibu yalipokusanywa yalishangaza: walioahidi waliondoka karibu mara mbili ya wenzao.

Utafiti ulichapishwa katika jarida kubwa, jina la Mwantum likiwa la kwanza. Alialikwa Nairobi, Dakar, Brussels. Redio ilimhoji. Baba alichinja mbuzi wawili, akawaita hata wale madereva wenye breki mbovu. Mimi mwenyewe nilitembea Bwiza wiki nzima kama niliyeoa upya.

Sasa, Mwantum ana desturi moja ambayo watafiti wengi hawana. Akimaliza utafiti, huwarudia watu aliowauliza, akawasomea alichokipata. Basi asubuhi moja nilimpeleka Gatumba kwa gari langu. Watu walikusanyika kwenye uwanja wa kanisa, wengi wao Wakongomani wanaouza samaki na unga ng’ambo na huku. Mwantum akasoma: “Katika njia yenu, nyumba thelathini na nane kati ya arobaini ziliondoka siku ya kwanza.”

Kicheko kikatoka nyuma. Mama mmoja mnene, Namegabe, muuza ndagala, yaani dagaa wa ziwani, akasimama.

“Dada, soma tena.”

Mwantum akasoma tena.

“Iko njia ingine yenye jina kama yetu? Sisi apana kuondoka. Mi nililala juu ya meza na batoto yangu siku mbili. Uliza Mirindi, iko hapa.”

Mzee Mirindi, jirani yake, akaitikia. “Ni kweli. Mi nilikuwa juu ya mabati.”

Mwantum aliwaomba walioondoka siku ya kwanza wanyooshe mikono. Ilinyooka tisa. Aliihesabu mara mbili, akawashukuru, akafunga karatasi zake. Tulipoingia mjini akaniambia:

“Kaka, nipeleke Mutanga Nord.”

Fomu za karatasi zilikuwa bado kwenye makasha stoo ya kituo. Siku tatu alilinganisha fomu na maandishi ya kompyuta, mstari kwa mstari, mimi nikimsomea namba za nyumba. Nyumba sitini na moja zilizoandikwa kwenye karatasi kuwa hazikuondoka, kwenye kompyuta zilikuwa zimeondoka. Zote ni za njia zilizoahidi. Na faili lile lilifunguliwa na watu wawili tu: yeye na Profesa.

Nilikuwa nimebeba makasha alipoingia ofisini kwa Profesa, kwa hiyo nilisikia yote.

“Kaa kwanza, Mwantum,” Profesa alisema.

“Nitasimama, Profesa.”

Profesa alizitazama fomu bila kuzigusa. “Vijana wetu walipita haraka siku zile. Kulikuwa na makosa mengi. Nilizinyoosha.”

“Ulizinyoosha zote upande mmoja?”

Profesa alivua miwani. “Ahadi inafanya kazi duniani kote, unajua. Maji yalituharibia kipimo tu. Sasa unataka nini? Watu wa nje waseme Warundi wanabuni majibu? Kituo kifungwe, watu kumi na wanne wakose kazi?”

“Profesa, kuna mama alilala juu ya meza na watoto wake, na mimi nimezunguka dunia nikisema aliondoka.”

Nyumbani alimweleza baba, na mara hiyo tu ndiyo niliyomwona analia. Akauliza, katika barua ya kuufuta utafiti aandike jina la Profesa tu, au na lake?

“Juu ya karatasi ile, jina la kwanza ni la nani?” baba akauliza.

“Langu.”

“Basi anza na lako.”

Akaandika hivyo. Barua ilipotoka, mambo yalimgeukia. Profesa alikana, akasema makosa ni ya makarani. Kituo kikamsimamisha kazi. Kwenye simu za watu yalizunguka maneno kwamba yeye ndiye aliyepika majibu na sasa anamtafuta mzee wa kumbebesha. Mialiko ikakauka. Hata Bwiza walikuwepo waliosema msichana wa fundi amekula na kipofu na kumshika mkono.

Kati ya yote yaliyoandikwa, moja tu lilimchoma. Mtafiti mmoja wa nje aliuliza: kwa nini hakufungua fomu mwenyewe kabla ya kuchapisha? Alinisomea, kisha akaweka simu chini.

“Huyu ana haki, kaka. Sikuangalia kwa sababu majibu yalinifurahisha. Mimi ninayechunguza watu wasiotaka kuona, nami sikutaka kuona.”

Na hayo maneno aliyaandika wazi, akayatia jina lake. Nimejua watu wengi wakubwa katika mji huu. Sijaona mwingine aliyefanya hivyo.

Kamati ya kuchunguza jambo hilo iliundwa. Baada ya miezi tisa ilithibitisha kila alichosema, na Profesa Sylvère akastaafu kimya kimya. Lakini Mwantum hakungoja kamati. Asubuhi alifundisha hisabati katika shule ya sekondari, mchana alipanda basi kwenda Gatumba. Safari hii hakumuuliza mtu kama ataondoka. Alikaa kwenye kigoda karibu na beseni la ndagala, akamuuliza Namegabe kilichomweka juu ya meza siku mbili.

“Mulango,” Namegabe alisema.

“Mlango?”

“Mi nikiondoka, mulango inabaki peke yake. Maji inachukua sahani, inachukua godoro, lakini mulango inaacha. Mulango inachukuliwa na mutu. Kesho mabati inafuata. Nitarudi kwa nyumba gani?”

Nyumba baada ya nyumba alipata jibu lile lile. Watu hawakukosa akili wala ahadi. Walikuwa walinzi. Basi akaomba ukumbi wa kanisa ulio mahali pa juu, na msikiti ukatoa chumba cha madrasa. Kila nyumba iliyopata nafasi iliandikwa namba kwenye mlango, ili tahadhari ikitoka mlango ung’olewe, uhifadhiwe pamoja na mabati, na wenyewe waondoke. Nafasi hazikutosha wote. Utafiti wa kwanza uligawa njia ofisini, na watu walinung’unika sana: kwa nini wale, si sisi? Sasa kura ilipigwa hadharani. Namegabe alichota vikaratasi kwenye beseni mbele ya watu wote, na njia yake mwenyewe ikakosa. Alicheka, akaendelea kuchota.

Mwaka 2024 maji yalipanda tena. Katika kila nyumba kumi zilizokuwa na mahali pa kuweka mlango, sita ziliondoka siku ya kwanza. Katika zisizokuwa napo, tatu. Na ile ahadi ya mbele ya majirani, aliyoipima tena kwa haki, haikubadilisha kitu. Aliandika yote mawili. Picha za fomu zote aliziweka wazi kwa yeyote anayetaka kuhesabu. Wageni watatu wakahesabu, mmoja akapata kosa dogo, na Mwantum akamshukuru kwa jina. Njia zilizokosa kura zilipewa nafasi mara kazi ilipokwisha, ya Namegabe ikiwa ya kwanza.

Mwaka jana chuo kimoja cha hapa mjini kilimwita atoe mhadhara. Nilikaa safu ya tatu na kanzu yangu ya Ijumaa, baba kulia kwangu, Namegabe kushoto na kitenge kipya. Msemaji alimtambulisha Mwantum kwa adabu, akasoma orodha ya kazi zake, na kwa heshima akairuka moja.

“Samahani,” Mwantum akasema akiwa amekwisha fika mbele. “Umeacha ya mwaka 2022. Ile niliyoifuta.”

Msemaji alisita, akatafuta kwenye karatasi, akaisoma kwa sauti pamoja na neno lililokuwa pembeni yake: imefutwa. Wanafunzi wakatazamana. Baba alinishika goti kwa mkono wake mgumu wa fundi, akalibana sana, wala hakuliachia mpaka Mwantum alipoanza kuzungumza.